Andika Igawa

Siku tuliyomzika bibi yangu, mzee mmoja wa kanisa alisoma wasifu wake kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mama mpole, mtu wa sala, asiyegombana na mtu, na kwamba baada ya kupotea kwa miaka kadhaa alitubu akarudi kundini. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, nimesimama hatua mbili kutoka kwenye jeneza, na mikono iliniwasha kumpokonya karatasi yake. Mpole? Yule aliyemtoa bwana shamba mbio kwa mpini wa jembe kwa sababu amekanyaga miche yake ya kabichi? Na huko kupotea, alipotelea wapi? Miaka yote ile kila mtu alijua mahali pa kumpata: kanisani, benchi la nyuma kabisa, mkono wa kulia, karibu na mlango.

Hakuna aliyeniomba niandike wasifu mwingine. Nauandika bila kuombwa, na atakayekasirika namkaribisha.

Miaka ya hamsini tulikaa milimani, juu ya Mbalizi, mahali ambapo asubuhi ya Juni unatoka nje unakuta majani yamekuwa meupe kwa baridi. Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: bibi, mama yangu ambaye ndiye mtoto wake wa pekee, na mimi. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Bibi alikuwa Mhehe, mtu wa Iringa. Babu alimkuta huko alipokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, akamleta huku kwa watu wenye lugha nyingine. Lugha ya huku alijifunza. Kiswahili alikiokota kanisani na sokoni, akakisema vile vile alivyokiokota. Asubuhi alitusalimia kwa salamu ya kwao, "Kamwene," nasi tulimjibu hivyo hivyo, maana ukijibu kwa lugha nyingine alijifanya hakusikia.

Sasa hilo benchi. Kanisa letu lilikuwa la matofali mabichi, na mabenchi ya mbele yalikuwa na egemeo. La nyuma lilikuwa gogo lililochongwa upande mmoja tu. Mlango haukuwa na ubao, kwa hiyo upepo wote wa mlimani ulipita migongoni mwetu kabla ya kuwafikia wenye haki. Hapo walikaa waliotengwa. Mtu aliyetengwa aliruhusiwa kuja, kusikiliza na kutoa sadaka, lakini hakushiriki meza ya Bwana, hakusimamia ubatizo wa mtoto wa mtu, na akifa hakupigiwa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini. Siku zangu tulikaa watano: mzee mmoja mwenye wake wawili, aliyesema yuko tayari kumwacha mmoja ila kanisa limchagulie yupi, mama mmoja mpika pombe, bibi, mama, na mimi.

Bibi aliliendesha benchi lile kama jiko lake. Alifika kabla ya watu wote, kikapuni ana viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye kitambaa, akamgawia kila mmoja kimoja tushike mikononi tupate joto, na kula iwe baada ya mahubiri. Aliimba kwa sauti iliyowafanya wa mbele wageuke. Jumamosi ikiwa ni zamu yake ya kusiriba sakafu ya kanisa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, alikwenda. Walipomwambia kwamba aliyetengwa hashiki zamu, akawajibu, "Mmetenga mimi. Mikono hamkutenga," akaendelea kukanda udongo wake. Sakafu haikuwahi kutoa ufa siku alizosiriba yeye, na walijua.

Kosa lake lilikuwa mimi.

Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na saba alipopata mimba bila ndoa. Mwanamume alikuwa utingo wa lori. Lori liliondoka, naye akaondoka nalo. Kanuni ya kanisa letu siku zile ilikuwa hivi: binti wa namna hiyo atoke nyumbani kwa wazazi, akakae kwingine mpaka ajifungue na kutubu mbele ya watu. Mzazi atakayemweka ndani anatengwa pamoja naye, na mtoto habatizwi mpaka mzazi huyo naye asimame mbele, atubu kwamba ameficha dhambi nyumbani mwake. Hiyo dhambi iliyofichwa ilikuwa inalia kijiji kizima kikisikia, na ilikuwa imeanza kuota meno. Wazee walimwita bibi wakamuuliza atatubu lini. Akauliza atubu nini. Wakamwonyesha mimi, nimelala mgongoni mwake. Akasema hicho si kitu cha kutubiwa, akajifunga mbeleko vizuri akaondoka. Ndivyo nilivyosimuliwa, na nilikua nikijivunia habari hiyo kama wengine wanavyojivunia ng'ombe wa baba zao.

Kulikuwa na habari nyingine, fupi zaidi. Nilizaliwa Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, mwendo wa siku nzima kwa lori wakati wa mvua. Nikiuliza kwa nini Igawa, bibi alijibu kwamba walikuwa safarini kwenda kuwasalimia ndugu zake, mto ukajaa, malori yakasimama, na mimi sikuwa mtu wa kusubiri. Mama alikuwa pale pale, akiendelea kuchambua mboga. Sikuona ajabu yoyote.

Bibi alinipenda kwa kazi. Hakuwa mtu wa kubembeleza wala wa kukupakata ovyo. Nilipopata kifaduro alinibeba wima mgongoni wiki tatu mfululizo, akilima nami, akipika nami, kwa sababu nikilazwa nilikabwa. Bondeni alikuwa na bustani ambayo watu wa kwao wanaiita kinyungu, unailima kiangazi kwenye unyevunyevu wakati wengine wanasubiri mvua. Majirani walimcheka mwanzoni, kwamba huyu mwanamke wa Iringa analima matope. Kisha Septemba ikafika, sisi tukawa tunachoma mahindi mabichi, na harufu ikawafikia. Mwaka uliofuata walikuja kuuliza matuta yanapigwaje, akawaonyesha, ila kwanza aliwacheka kama walivyomcheka.

Tulipokwenda Mbalizi sokoni alinitanguliza mimi mbele, yeye na kikapu cha viazi kichwani nyuma yangu. Wanawake wa sokoni walijua habari zetu, lakini walipenda kuuliza.

"Mama, mtoto wa nani huyu?"

"Ya mimi."

"Na baba yake?"

"Mimi tu. Unanunua viazi ama unanunua habari?"

Kusoma nilijifunzia kwenye benchi la nyuma. Bibi hakujua herufi hata moja, lakini nyimbo zote za kitabu cha kanisa alizijua kwa moyo pamoja na namba zake. Yeye akiimba, mimi nilifungua ukurasa na kidole changu kikafuata sauti yake, mstari kwa mstari, mpaka siku moja nikagundua kwamba kidole kinaweza kutangulia sauti. Nilipofika miaka saba nilisoma hata maandishi ya magunia ya mbolea. Shule ilikuwa pale pale misheni, chumba kimoja chenye ubao, na kuingia darasa la kwanza ulitakiwa kuwa na cheti cha ubatizo. Sikuwa nacho. Nilisimama nje ya dirisha nikisikiliza, mwalimu akiuliza swali najibu mimi, nafukuzwa, narudi. Wenzangu wa rika langu waliingia Januari moja, mimi nikabaki. Januari ya pili waliingia wadogo zao, mimi nikabaki tena.

Kulia kwangu siku hiyo ya pili sitaki kukueleza. Nililia kama mtu aliyefiwa.

Mdogo wake babu, ambaye nami nilimwita babu, alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyetunza kitabu cha ubatizo. Alikuwa mtu mnyoofu, mwenye koti moja jeusi na ndevu chache alizozichana. Sitamsema vibaya kuliko anavyostahili, kwa sababu ndiye pekee kati yao aliyejali kama nitasoma au sitasoma. Mwezi Novemba mwaka huo, mvua za kwanza zimeshaanza, alikuja nyumbani akaketi kwenye kigoda, mama akampa uji.

"Shemeji," akamwambia bibi, "huyu mtoto anasoma kuliko walioko darasani. Nimemsikia."

"Ndiyo anasoma."

"Januari wanaingia wengine. Akikosa na safari hii atakuwa amepita umri. Hawatampokea hata akija na cheti."

Bibi alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuacha.

"Nimekuletea maneno," babu akaendelea. "Ni machache. Mimi nitasema, wewe utafuata. 'Natubu kwa kuwa niliificha dhambi nyumbani mwangu.' Basi, hakuna zaidi. Siku hiyo hiyo tunambatiza."

"Nikisema hivyo, dhambi ni nani?"

Babu akatazama uji wake. "Shemeji, ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, sema wewe."

Akaondoka bila kumaliza uji. Bibi akachukua jembe akashuka bondeni, na mimi nikamfuata. Hapa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nilimkuta ameinama kwenye tuta, nikasimama nyuma yake nikamwambia, "Bibi, sema tu. Sema mimi ni dhambi. Mimi sitaumia."

Akanyooka.

"Nani amekwambia hautaumia?"

"Nataka shule," nikasema. Nilikuwa napiga miguu chini, miaka minane na akili zangu zote, napiga miguu kwenye matope kama kitoto. "Nataka shule, nataka shule. Sema tu!"

Bibi yangu, ambaye sijawahi kumwona akikaa wakati wa kazi, alikaa chini kwenye tuta lenye maji. Alikaa kitambo, nguo ikilowa, anatazama mikono yake. Mwisho akasema, "Nenda kwa babu yako. Mwambie Jumapili nitasimama."

Nilikimbia mlima mzima bila kupumzika. Niliporudi nilimkuta mama jikoni, macho mekundu. Alimwambia bibi kwamba miaka minane ya kupigwa na upepo imekwenda bure, na kwamba kama alikuwa anataka kuinamisha shingo angeinamisha siku ya kwanza. Bibi akaendelea kufua nguo yake yenye matope. Siku zile mpaka Jumapili nyumba yetu ilikuwa kimya, na mimi peke yangu nilikuwa na furaha. Naikumbuka furaha ile na inanichoma mpaka leo.

Jumapili alifungua sanduku akatoa kitambaa cheupe cha kichwani, kile ambacho wanawake walivaa siku ya meza ya Bwana tu. Kilikuwa kimekaa miaka minane kwenye mikunjo ile ile. Alikifunga bila kioo. Tukashuka kwa manyunyu, tukaketi benchi letu, akagawa viazi kama kawaida. Mama alikataa chake.

Anayetubu kwetu hakuelekea madhabahu. Alivua viatu, kama anavyo, akasimama mbele ameelekea watu, mzee wa kanisa ubavuni mwake akimpa maneno. Babu alisimama na koti lake. Bibi alipita katikati ya mabenchi taratibu, akageuka, akatutazama sote.

"Fuata, mama," babu akaanza. "Mimi, mbele za Mungu na kanisa lake..."

"Subiri, shemeji," bibi akasema. "Dhambi ninayo. Kweli ninayo. Lakini si hiyo yako."

Babu akafungua mdomo. Bibi akaendelea, kwa Kiswahili chake kile cha kuokota, ili asibaki mtu wa kusema hakuelewa.

"Mtoto yangu alipopata mimba, mimi nilikuwa nakaa benchi ile pale, ya pili kutoka mbele. Nilipenda benchi yangu. Mlisema binti ya namna hiyo atoke nyumbani. Mimi nilisikia kanisa. Nilimtoa. Ilikuwa Ijumaa, mvua inanyesha, mimba imekuwa kubwa. Nilifunga mlango, nikaweka na mti nyuma ya mlango. Aliita, mama, mama. Sikufungua."

Mama, hapo ubavuni mwangu, alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini.

"Akaenda barabarani kutafuta gari ya Iringa, kwa ndugu zangu. Ijumaa nilikaa. Jumamosi nilikaa. Jumapili nilikuja hapa, nikaketi kwa benchi yangu, nikashiriki meza ya Bwana. Mlinipa. Mkono yako, shemeji, ndiyo ilishika kikombe. Mlisema mama huyu ni mwaminifu. Jumatatu nilishindwa, nikapanda lori, nikafuata. Nilimkuta Igawa, chini ya paa ya duka, mto umejaa, magari yamesimama. Alikuwa amezaa asubuhi ile. Mwanamke wa barabarani, muuza uji, ndiye alipokea mtoto. Mpaka leo sijui jina yake. Mjukuu yangu alipokewa na mtu simjui, kwa sababu mimi nilikuwa nalinda benchi."

Alivuta pumzi.

"Hiyo ndiyo dhambi yangu. Siku nne. Nimekuja kutubu hiyo. Ile ya kuweka yeye ndani, hapana. Hiyo sitatubu leo, sitatubu nikifa, na kengele yenu mtundike huko huko."

Babu alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kanisa halikuuliza hilo. Kisha kutoka nyuma, karibu na sikio langu, yule mama mpika pombe akasema "Amina" kwa nguvu, kama mtu anayeita mbwa. Mzee wa wake wawili akafuata. Mbele huko mwanamke mmoja akasema amina, na mwingine.

Mchungaji wetu alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu. Alishuka, akamuuliza bibi anaomba msamaha kwa nani.

"Kwa yeye," bibi akasema, akanyoosha mkono kuelekea benchi letu.

Mama akasimama. Alitembea mpaka mbele, akasimama kando ya bibi, hakumshika mkono. Mchungaji akamuuliza kama anamsamehe mama yake.

"Yeye nilimsamehe Igawa," mama akasema. "Ninyi bado."

Sikujua kwamba mama yangu ana sauti ya namna ile. Mchungaji alitazama sakafu, ile sakafu iliyosiribwa na bibi. Kisha akasema, "Leteni maji. Na mtoto aje."

Mtoto hakutaka kwenda. Ukweli ndio huo. Kitu nilichokililia Januari mbili kilikuwa kinaniita kwa jina, na mimi nilikuwa nimelishika lile gogo kwa mikono miwili. Nilikuwa namtazama yule mwanamke mwenye kitambaa cheupe, aliyenibeba wiki tatu bila kunilaza, nikaona mlango na mti nyuma ya mlango. Mzee wa wake wawili akaniinamia. "Nenda, mjukuu," akasema. "Maji yenyewe yanakungoja tangu asubuhi, yameshapoa." Nikaenda. Nilibatizwa nikiwa nimekasirika, na kama hilo linaharibu ubatizo basi uliharibika.

Tuliporudi nilitembea mbele peke yangu. Kwenye daraja la miti bibi alinifikia.

"Umekasirika."

"Ulitufukuza."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa wewe," akasema. Mtu ambaye hakumwogopa bwana shamba, wala mchungaji, wala kufa bila kengele. "Kasirika. Ni haki yako. Lakini shule utaenda."

Tangu siku hiyo alinisalimia kila asubuhi, "Kamwene," na mimi nikapita kimya na ndoo yangu. Hakunigombeza. Kesho yake alisalimia tena.

Walimrudisha, ndiyo. Jumapili iliyofuata benchi la pili kutoka mbele liliachwa wazi kwa ajili yake, lenye egemeo, limepanguswa. Bibi aliingia mlangoni na kikapu chake, akaketi kwenye gogo, akaanza kugawa viazi. Mchungaji alipomwita kwa mkono, akatikisa kichwa. Wakati wowote aliporuhusiwa alikwenda mbele kushiriki meza, akarudi nyuma kukaa, na hivyo ndivyo alivyofanya mpaka miguu ilipokataa kumfikisha kanisani. Wasichana wenye matumbo walioletwa kwenye gogo lile miaka iliyofuata walikuta mtu wa kuwapa kitu cha moto mkononi. Mabinti wawili alikwenda kuwatoa mwenyewe mvuani na kuwaleta nyumbani kwetu, na wazee wakamtenga tena kwa ajili yao, mara ya pili na ya tatu. Hilo msomaji wa wasifu hakulisoma. Kundini, alirudi kundini! Kundi ndilo lilikuwa linamfuata yeye nyuma, mmoja mmoja, likitetemeka kwa baridi.

Kabla shule haijafunguliwa tulikwenda kwa babu kuchukua cheti. Alikuwa amekiweka mezani pamoja na wino. Aliandika jina langu kwa mwandiko wake mzuri, akaandika jina la mama, mahali pa baba akapiga mstari. Kisha akafika penye mahali pa kuzaliwa.

"Hapa naandika kijiji chetu," akasema. "Inapendeza zaidi."

"Andika Igawa," bibi akasema.

"Shemeji, mambo yamekwisha. Umesamehewa. Igawa ya nini tena? Mtoto huyu atakitembeza cheti hiki maisha yake yote, na watu watauliza."

"Waulize."

Babu aliishikilia kalamu juu ya karatasi mpaka tone likakaribia kudondoka. Bibi hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi. Hakujua kusoma, angeweza kudanganywa kwa urahisi, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kusimama nyuma ya bega la babu na kuhakikisha. Niliisoma herufi moja moja ilipokuwa ikitoka kwenye kalamu. Nikamwambia bibi, "Ameandika."

Ninacho mpaka leo. Makarani wameuliza, walimu wameuliza, baba mkwe wangu aliuliza siku ya posa: watu wa Mbeya na Iringa, Igawa imeingiaje? Nawajibu yote, mlango, mti, siku nne, lori la Jumatatu, na muuza uji tusiyemjua jina. Wengine hujuta kuuliza.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya cheti, bibi alinikuta uani nawasha moto. "Kamwene," akasema.

Nikamjibu.